Mgonjwa nambari 15000: maisha ya kijana wa Nariokotome

Hebu nikuulize swali. Ni nani mtu maarufu zaidi aliyewahi kutoka Turkana?

Ngoja, usinitajie mwanasiasa. Usinitajie mwanariadha wala mwanamuziki. Huyu ninayemzungumzia ako kwenye vitabu vya shule vya nchi nyingi. Hakuwahi kuvaa kiatu. Hakuacha mtoto wala mali, hata jina hakuacha. Alikufa mahali tunapopaita leo Nariokotome, kaskazini mwa Lodwar, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, yapata miaka milioni 1.5 iliyopita.

Dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Kwenye makavazi ya taifa kule Nairobi, anakohifadhiwa, anaitwa KNM-WT 15000. KNM ni makavazi ya Kenya, WT ni Turkana Magharibi, na 15000 ni nambari yake. Ni kama faili ya mgonjwa hospitalini.

Na mgonjwa kweli amekuwa. Mwaka wa 2013 madaktari wa mgongo walisoma habari zake kwenye jarida la kitabibu liitwalo Spine, vile wangesoma kuhusu mtu aliyelazwa wodini wiki jana.

Sasa jiulize: mtu asiye na jina, asiyeandika chochote, ambaye hakuna aliye hai aliyewahi kumjua, maisha yake tunayajuaje? Jibu ni la kawaida sana. Watu waliketi wakaandika mswada. Wakaupanga vile jarida lilitaka, wakautuma, ukachapishwa. Halafu wengine wakaandika miswada yao ya kuwasahihisha wale wa kwanza.

Kwa hivyo nitakusimulia maisha yake kwa kufuata mpangilio wa mswada. Kama unasomea uuguzi KMTC Lodwar, au uko kliniki pale Kakuma na umewahi kuona mgonjwa ambaye ugonjwa wake haumo vitabuni, hii ni yako. Na kama uliacha chuo kama mimi, usiondoke. Nitakuambia kwa nini.

Majina ya juu

Ukurasa wa kwanza wa mswada una kichwa cha habari, majina ya waandishi na mahali wanapofanyia kazi. Unaonekana kama kitu rahisi. Lakini hapo ndipo watu hugombana zaidi.

Kijana huyu aligunduliwa Agosti 1984 na Kamoya Kimeu, Mkamba ambaye hakuwa na digrii yoyote alipoanza kazi. Kamoya alianza kuchimba na akina Leakey kule Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1960. Kufikia 1984 ndiye aliyekuwa akiongoza kikosi cha kutafuta visukuku. Siku hiyo wenzake walikuwa wamepumzika. Yeye akaenda kutembea kando ya laga ya Nariokotome, na kwenye mteremko uliojaa vijiwe vyeusi akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo tu kama kiberiti, rangi yake karibu sawa na ya mawe. Mimi na wewe tungekikanyaga tukaendelea na safari.

Andiko la kwanza kumhusu kijana lilitoka Agosti 1985 kwenye jarida la Nature. Lina majina manne: Frank Brown, Mmarekani wa jiolojia, John Harris, mtaalamu wa wanyama wa kale, Richard Leakey, mkurugenzi wa makavazi yetu, na Alan Walker, mtaalamu wa maumbile ya mwili. Kati ya hao wanne, Kamoya hayumo.

Usikasirike kwanza. Siku hizi majarida ya kitabibu yana kanuni za pamoja kuhusu nani aitwe mwandishi. Lazima uwe umechangia kazi kwa kiasi kikubwa, uwe umeandika au umerekebisha mswada, uwe umekubali nakala ya mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne kwa pamoja. Kupata kitu peke yake hakutoshi. Aliyesaidia bila kutimiza hayo huwekwa kwenye sehemu ya shukrani.

Lakini kanuni hizo hizo zinasema jambo la pili ambalo wakubwa wengi hulisahau: usimnyime mtu nafasi ya kusoma na kurekebisha mswada, halafu ukatumia hilo kumwondoa kwenye orodha. Likariri. Ukiwa muuguzi uliyemtambua mgonjwa wa kwanza, au karani uliyepanga faili zote, omba kuusoma mswada kabla haujatumwa. Omba mapema, na uombe kwa maandishi.

Kamoya alipata heshima yake kwa njia nyingine. Mwaka wa 1985 alipewa medali ya National Geographic na Rais Ronald Reagan katika ikulu ya Marekani. Kuna nyani wa kale waliopewa jina lake. Alifariki 2022. Lakini ukitaja andiko la 1985 leo, unaandika Brown na wenzake. Hivyo ndivyo majina ya juu yanavyofanya kazi.

Mbinu

Sehemu ya mbinu ndiyo inayochosha kuisoma. Ni orodha ya mlichofanya, na lengo lake ni moja: mtu mwingine aweze kurudia kazi yenu bila kuwapigia simu.

Kwa kijana wetu, mbinu zilikuwa jasho. Kikosi kilichimba ule mteremko na kuchekecha udongo kwa nyavu, msimu mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya vipande vya fuvu vilikuwa vimeshikwa na mizizi ya mti wa miiba. Walker na Meave Leakey, mke wa Richard, waliviunganisha vipande kimoja kimoja.

Umri wa tabaka la udongo ulipatikanaje? Zamani volkano zilikuwa zikirusha majivu, na mito ikayaleta bondeni. Kila mlipuko una mchanganyiko wake wa kemikali, kama alama za vidole. Brown alikuwa bingwa wa kuzilinganisha alama hizo. Ukijua majivu yaliyo chini ya mifupa yana miaka mingapi, na yaliyo juu yake mingapi, basi mifupa umeibana katikati.

Angalia vile hakuna maoni hapo. Ni tulichimba, tulichekecha, tulipima. Mswada wako wa kliniki uwe hivyo hivyo. Wagonjwa ulipata wapi, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, nani aliachwa nje na kwa nini, kipimo gani kilitumika. Halafu taja kibali cha kamati ya maadili. Hapa Kenya utahitaji pia leseni ya utafiti kutoka NACOSTI. Kama huna, majarida mengi hayatasoma zaidi ya hapo.

Matokeo

Hapa unaandika ulichokiona. Hicho tu.

Kijana alipatikana na mifupa zaidi ya 100, karibu mwili mzima, isipokuwa sehemu kubwa ya mikono na nyayo. Urefu wake ulikadiriwa kuwa karibu sentimita 160, na uzito kama kilo 48. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa sentimita 880 za ujazo. Wa mtu mzima wa leo ni karibu 1,350. Baadhi ya meno ya utotoni yalikuwa bado hayajatoka. Mifupa yake mirefu ilikuwa haijafunga ncha, ishara kwamba alikuwa bado anakua. Kwenye taya la chini, mahali ambapo gego la utotoni lilikuwa limetoka, mfupa ulikuwa na dalili za uambukizo.

Jina la spishi yake pia lina sheria zake: Homo kwa herufi kubwa, erectus kwa herufi ndogo, na yote mawili kwa maandishi ya mlazo. Ukikosea hilo, mhariri anajua mara moja kwamba hukusoma maelekezo.

Sasa nikuambie yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, mradi wangu wa utafiti ukiwa umerudishwa mara mbili. Nilikuwa nimeketi nje ya duka la dawa siku kadhaa, nikihesabu watu wanaokuja kununua dawa ya malaria bila karatasi ya daktari. Hesabu nilikuwa nayo, safi kabisa. Lakini chini ya kichwa cha matokeo nikaandika kwamba watu hawajali afya zao. Mwalimu akachora duara jekundu hapo na kuandika alama ya kuuliza. Nilidhani ananionea. Karo nayo ilikuwa imekwisha, nikapata sababu ya kuondoka.

Nilikuja kuelewa lile duara miaka baadaye, nikisoma kuhusu kijana wa Nariokotome. Mimi sikuwa nimeona watu wasiojali. Nilikuwa nimeona watu wasio na karatasi. Pengine foleni ya hospitali ilikuwa ndefu. Pengine hawakuwa na nauli. Sikuuliza.

Mjadala

Mjadala ndio sehemu ambapo unaruhusiwa kusema unachofikiri. Na hapa ndipo kijana anapata maisha.

Wataalamu wanadhani alikuwa wa kiume, kwa kuangalia nyonga na fuvu. Aliishi mahali palipokuwa na maji na nyasi, si jangwa unaloliona leo ukisafiri kutoka Lodwar. Alikuwa mrefu na mwembamba, miguu mirefu, mwili uliofaa kwa joto. Ukimwona kwa mbali akitembea ungedhani ni mtoto wa jirani yako. Ungeshtuka tu akigeuka, kwa vile paji la uso wake lilikuwa la chini, na taya lake halikuwa na kidevu.

Halafu aliumia mgongo. Hili ndilo lililompeleka kwenye jarida la Spine. Martin Haeusler na wenzake wa Zurich walizichunguza pingili za chini za uti wake wa mgongo, wakaona viungo vyake havilingani, upande mmoja na mwingine. Walipendekeza kwamba diski moja ilitoka mahali pake baada ya jeraha, na kwamba huenda alikuwa na maumivu ya kiuno, hata yale yanayoshuka mguuni. Mtoto ambaye kila siku lazima atembee ili ale, anatembea akiumwa. Hapo ndipo namba 15000 iliacha kuwa namba kwangu.

Kuhusu kifo chake, Walker alifikiria kwamba ule uambukizo wa taya huenda uliingia kwenye damu ukamuua. Leo ni kitu cha daktari wa meno na dozi ya antibiotiki. Alianguka, au alisukumwa na maji, kwenye kinamasi kisicho na kina. Wanyama wakaikanyaga baadhi ya mifupa yake. Matope yakamfunika.

Umeona maneno niliyotumia? Wanadhani, walipendekeza, huenda. Kwenye mjadala wa mswada wa kitabibu, maneno hayo hayaonyeshi woga. Daktari atakayesoma andiko lako anaweza kumpa mgonjwa dawa kwa sababu yako. Lazima ajue ni wapi uliona kwa macho na ni wapi unakisia.

Masahihisho

Hapa sasa ndipo hadithi ya kijana inakuwa tamu, kwa sababu aliendelea kubadilika baada ya kufa.

Andiko la kwanza lilimpa miaka kama 12, kwa kulinganisha meno yake na ya watoto wa leo. Mwaka wa 2009 Christopher Dean na Holly Smith wakatumia njia nyingine: jino linapojengwa huacha mistari midogo, kama miduara ya mti, inayoweza kuhesabiwa. Wakapata karibu miaka 8. Mvulana wa sentimita 160, miaka 8! Maana yake watu wa aina yake walikua haraka kuliko sisi.

Mwanzoni ilikadiriwa kwamba angekuwa mtu mzima angefika sentimita 185. Mwaka wa 2010 wengine wakasema kama alikua haraka hivyo, basi alikuwa karibu kumaliza, na angeishia kama 163.

Kitabu kikubwa kumhusu cha 1993, kilichohaririwa na Walker na Leakey, kilimpa pingili sita za kiuno. Mwaka wa 2011 Haeusler na wenzake walipanga upya vipande, wakapata tano, kama wewe na mimi. Kitabu hicho hicho kilisema mfereji wa uti wake wa mgongo ni mwembamba mno, kwa hivyo hakuweza kudhibiti pumzi vizuri na labda hakuzungumza. Mwaka wa 2015 Marc Meyer na Haeusler wakasema hapana, mfereji uko ndani ya kiwango cha watu wa leo. Wengine waliwahi kusema alizaliwa na ulemavu wa mgongo. Hilo pia likapingwa.

Sasa fikiria. Waliosahihisha waliweza kurudi kwenye mifupa yenyewe na vipimo vyake, kando na maoni. Vipimo vilikuwa pale, wazi, kwa milimita. Maoni yalianguka, vipimo vikabaki. Kama Walker na wenzake wangechanganya yote, kama vile mimi nilivyochanganya pale nje ya duka la dawa, ingekuwa vigumu zaidi kwa mwingine kujua aanzie wapi kuuliza.

Ndiyo maana majarida yanasumbua watu na mpangilio. Mpangilio ndio unaomwachia mwingine mlango wa kukusahihisha. Na mgonjwa ndiye anayefaidika.

Kutuma

Basi, una mgonjwa wako au hesabu yako, na unataka kutuma. Fanya hivi.

Chagua jarida kwanza, kisha ndiyo upange. Kila jarida lina maelekezo kwa waandishi. Yasome yote kabla ya kugusa kompyuta. Spine, kwa mfano, inataka muhtasari uliogawanywa kwa vichwa vidogo: aina ya utafiti, lengo, yaliyojulikana awali, mbinu, matokeo, hitimisho. Jarida lingine litataka aya moja tu. Hesabu maneno, wakisema 250, usipeleke 260.

Acha nafasi mbili kati ya mistari, weka nambari za kurasa na za mistari kama wanazitaka, ili msomaji wao aweze kusema tatizo liko mstari wa 84. Majedwali na picha viwe na maelezo yanayoeleweka bila kusoma andiko lote. Picha zitumwe kama faili zake zenyewe, si kubandikwa tu ndani. Marejeleo, kwa majarida mengi ya kitabibu, huhesabiwa kwa nambari kadiri yanavyojitokeza, si kwa alfabeti.

Mgonjwa aliye hai hutakiwi kumtaja jina, na lazima akupe ridhaa kwa maandishi ikiwa anaweza kutambulika. Kumfunika macho kwa mstari mweusi kwenye picha hakutoshi. Pale Kakuma, ambako mtu anaweza kuwa alikimbia waliotaka kumuua, kosa kama hilo si la kimaandishi tu. Kijana wa Nariokotome hakuwa na nafasi ya kukubali wala kukataa. Mgonjwa wako anayo.

Andika barua fupi kwa mhariri: andiko linahusu nini, linaongeza nini, na kwamba halijatumwa kwingine. Jarida moja kwa wakati mmoja. Na lile linaloahidi kukuchapisha baada ya siku tatu mradi ulipe, likimbie.

Halafu subiri. Litarudi na maswali. Usifanye nilivyofanya mimi, ukadhani unaonewa. Jibu swali moja moja, kwa heshima, ukionyesha ulichobadilisha na ukurasa wake. Pale usipokubaliana nao, eleza sababu.

Mimi bado ninayo ile karatasi yenye duara jekundu. Mwezi uliopita niliitoa, nikafuta sentensi moja, nikaacha hesabu zikae peke yake. Sasa nahitaji kurudi pale nje ya duka la dawa, na safari hii niwaulize watu kwa nini walikuja bila karatasi. Lakini kwanza kibali.

Kule Nariokotome, mtoto mmoja mwenye mgongo mbovu alilala kwenye matope miaka milioni 1.5 akisubiri mtu atembee pale akiangalia chini. Wagonjwa wako hawana muda huo. Anza kuandika.